Chombo Usichokililia

Mtu wa Ruiru akikuambia jana alipiga mtungi, hakuna anayedhani alikuwa anateka maji. Mtungi ni ule wa plastiki wa lita 20 tunaobeba maji yakikatika, lakini mtaani ni jina la pombe, na kila mtu anaelewa. Ukiingia baa huagizi bia, unaagiza chupa. Kwa watu wa Keg unaagiza jagi. Na anayeitengeneza nyumbani hatusemi anaitengeneza, tunasema anapika. Kiswahili chetu kinaitaja pombe kwa chombo chake, na ukishakubali kwamba pombe hupikwa, swali linalofuata ni la jikoni kabisa: kwa sufuria gani?

Hilo swali nimekuwa nalo kwa miezi kadhaa. Rafiki yangu alisomea sayansi ya chakula kule Juja. Yeye alimaliza, mimi niliacha chuo kingine nikiwa mwaka wa tatu, karo iliposhinda nyumbani, na tangu hapo naishi kwa kuandika makala za watu. Tunataka kupika bia ya shayiri, lita 20 kwa mara moja, ya kujifunzia kwanza. Yeye akachukua kazi ya kufuatilia leseni kwenye kaunti. Mimi nikapewa kazi iliyoonekana rahisi: tafuta sufuria kubwa, safi, ya bei ambayo watu wawili wasio na mshahara wanaweza.

Nimeitafuta kuanzia Ruiru hadi Thika, na kila nilipouliza bei nilipata historia pamoja na bei. Kwa zaidi ya miaka mia moja, vita vya pombe katika nchi hii vimepiganwa juu ya vyombo: nani anavimiliki, vina ukubwa gani, nani ana ruhusa ya kuvitoboa. Na nikisoma historia hiyo naona jambo ambalo halisemwi sana. Sheria zilizodai kutulinda na pombe mbaya ndizo zilizotufundisha kupikia kwenye chombo kibaya.

Kibuyu

Hapa kati ya mito ya Ruiru, Ndarugu, Thika na Chania, pombe ya zamani haikuwa na sufuria. Njohi ya Wakikuyu ilikuwa ya miwa au ya asali. Miwa ilimenywa, ikatwangwa, ikakamuliwa, na maji yake yakatiwa kwenye kibuyu kikubwa kiitwacho ndua. Ndani yake kulitiwa mũratina, lile tunda refu la mti ambao wataalamu wanauita Kigelia africana. Tunda linapasuliwa, linatolewa mbegu, linachemshwa na kukaushwa hadi linabaki nyuzinyuzi kama sponji. Hamira inajificha kwenye nyuzi hizo, kwa hivyo pombe ikiiva tunda linatolewa, linaanikwa, na linangoja kazi nyingine. Ndiyo maana pombe yenyewe ikaja kuitwa muratina.

Kibuyu kiliwekwa karibu na moto, si juu ya moto. Moto ulikuwa wa kukipasha chombo joto ili hamira ifanye kazi usiku kucha. Hakuna kilichochemka. Kwa hivyo swali la chuma gani, uzito gani, bei gani, halikuwepo. Kibuyu kinaota shambani na ukubwa wake unaamuliwa na mmea.

Ukubwa huo ulikuwa na maana. Pombe ilipikwa kwa sababu fulani, mara nyingi ruracio, au kumwagia mababu, au kusuluhisha kesi. Walionywa ni wazee. Vijana walikuwa na kazi ya kubeba vibuyu. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaitaja pombe kama sehemu ya hatua za mahari, kitu kinachopelekwa kwa wakwe na kuhesabiwa. Chombo kilikuwa kipimo: mkijua ni vibuyu vingapi vimefika, mnajua shughuli ni kubwa kiasi gani.

Si kwamba kila mtu alikuwa na adabu. Wazee walevi wamekuwepo siku zote. Lakini kibuyu hakikuwa na soko nyuma yake.

Wamisionari walipokuja, walikiona kibuyu na mababu kwa jicho moja. Kambui, hapa hapa Kiambu, palikuwa na kituo cha Gospel Missionary Society, alikosomea Harry Thuku. Kwa wasomi wa misheni, kuacha pombe ilikuwa alama ya kuwa Mkristo wa kweli. Nakumbusha jambo hili kwa sababu lilinirudia mwaka huu, kama nitakavyoeleza.

Debe

Wazungu walijipangia mahali pa kunywa Thika mapema. Hoteli ya Blue Posts, pale maporomoko ya Chania na Thika yanapokaribiana, ilianza mwaka 1908. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Kuzunguka mji kukawa na mashamba ya katani na kahawa, na kwenye mashamba kambi za wafanyakazi waliotoka mbali: watu wenye ujira wa mwezi, wasio na wazee wa kuwaambia nani anywe na nani asinywe.

Pamoja na reli yalikuja mafuta ya taa, na mafuta ya taa yalikuja kwa debe. Neno lenyewe tulilipata kutoka kwa Wahindi. Debe la mafuta la Wamarekani lilikuwa galoni 5 za kwao, karibu lita 19. Waingereza, ambao galoni yao ni kubwa zaidi, waliliita la galoni 4. Likiisha mafuta halikutupwa. Lilibeba maji, likapima mahindi, likakunjuliwa kuwa paa la nyumba. Likawa pia chombo cha pombe.

Hapa mambo yalibadilika. Debe halioti shambani, linanunuliwa. Moja linafanana na jingine, kwa hivyo unaweza kupiga hesabu: debe moja ni vikombe vingapi, kikombe ni senti ngapi, sukari imekula ngapi, faida ni gani. Debe liliifanya pombe kuwa biashara, na biashara hiyo ikawa ya wanawake. Mwanamke aliyefika mjini bila mume na bila shamba angeweza kuanza na debe moja.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na sheria kwa kila kinywaji kulingana na rangi ya mnywaji. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ilizuia pombe kali za Ulaya kuuzwa kwa Waafrika. Pombe za kienyeji ziliwekewa vibali na faini. Na mwanzoni mwa miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi likaiga mfano wa Durban, Afrika Kusini: likajipa haki ya pekee ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika kwenye ukumbi wake Pumwani, na faida ikalipia huduma za mitaa ya Waafrika. Mwanamke wa debe akageuka kuwa mshindani wa serikali. Hakukamatwa kwa sababu ya kupika tu. Alikamatwa kwa sababu mwingine alikuwa anapika kitu hicho hicho na kukiuza.

Wakati huo huo, mwaka 1922, ndugu George na Charles Hurst walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka, kwenye njia hii hii ya Thika. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu, na bia ikapewa jina la Tusker kumkumbuka. Hadithi hiyo tunaijua, imo kwenye kila tangazo. Inayosahaulika ni kwamba Mwafrika aliyekatiza Ruaraka kwa miguu akienda Nairobi hakuruhusiwa kisheria kuinywa bia hiyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Ilipofika mwaka 1953, Mau Mau wakaipiga marufuku kwa upande wao: bia ya Wazungu isinywewe. Chupa ile ile iliyokuwa imefungwa na sheria ya mkoloni ikafungwa na waliokuwa wanampinga mkoloni.

Na debe lenyewe? Lilikuwa bati lililounganishwa kwa risasi. Pombe iliyochachuka ina asidi, na asidi inalamba risasi polepole. Mabati yenye zinki ni hivyo hivyo. Mwanamke wa Thika wa mwaka 1930 hakuwa na jinsi ya kujua hilo, na hata angejua, chombo kizuri kingekuwa hasara siku askari wakija.

Pipa

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Thika ikawa mji wa viwanda: kiwanda cha Metal Box kikitengeneza makopo, viwanda vya nguo, kiwanda cha mananasi ambacho Del Monte ilikuja kukichukua miaka ya 1960. Mji wa viwanda una kitu kimoja kwa wingi, nacho ni mapipa matupu. Pipa la chuma la lita 200 ni madebe zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja, na linastahimili moto mkali. Kwa chang'aa, ambayo lazima ichemshwe ili mvuke ukusanywe, lilikuwa chombo kilichokuwa kinangojewa.

Uhuru haukubadilisha mengi upande huu. Vilabu vya pombe za kienyeji vilipewa leseni, kisha mwishoni mwa miaka ya 1970, Rais Moi akiwa mgeni madarakani, vikafungwa. Mwaka 1980 ikapitishwa sheria maalum ya kupiga marufuku chang'aa. Adhabu ikapanda, na kazi ikahamia usiku, kando ya mito.

Shosho yangu alipika pombe Thika miaka hiyo ya 1980. Sitaji mtaa. Alilipia karo ya mama yangu na ya wajomba wawili kwa kazi hiyo, na hakuwahi kuizungumzia mbele ya watu wa kanisa. Nilipomwambia natafuta sufuria ya kupikia bia, alicheka hadi akaketi.

"Sasa wewe unataka kununua mpya? Ya duka?"

"Ndio, shosho. Iwe safi."

"Sufuria safi ni ya kupikia watoto. Pombe unapikia kitu hata kikitobolewa hutalia."

Akanieleza. Askari wakija walikuwa na mtaimbo. Pombe ilimwagwa, lakini pombe unaweza kupika nyingine kesho. Kilichouma ni mtaimbo kupita chini ya pipa. Ndiyo maana wapishi hawakununua pipa zuri. Walinunua lililokwisha, lenye kutu, lililobeba hawajui nini, kwa sababu lingeishi miezi miwili tu. Lile wanalolipenda walilizika kwenye matope ya mto, na kulizika kulilimaliza haraka zaidi. Mwaka mmoja alipoteza mapipa matatu. La nne, akasema, lilikuwa linanuka dawa ya shamba. Alilichoma kwa moto siku nzima, akalisugua na majivu, kisha akalitumia. "Ningefanya nini?" Hakuwa ananiuliza mimi.

Nimewaza sana juu ya pipa hilo la nne. Kila msako hutangazwa kwamba ni wa kuokoa maisha, na picha ya kesho yake ni pipa lenye kutu, chafu, linaloelea kwenye matope: oneni wanachokunywa watu. Lakini uchafu ule ulikuwa na sababu, na sababu mojawapo ilikuwa mtaimbo. Chombo kinatobolewa, kwa hivyo mpishi ananunua kibovu. Kikiwa kibovu pombe inakuwa ya hatari. Ikiwa ya hatari, mtaimbo unapata hoja mpya. Duara hilo limezunguka tangu kabla ya mama yangu kuzaliwa.

Nisieleweke vibaya. Watu wamekufa, na wengi. Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika vitongoji duni vya Nairobi, na wengine wakapofuka. Mei 2014 makumi walikufa Embu, Kiambu na kaunti nyingine. Lakini methanoli kwa kipimo cha kuua haitoki kwenye miwa, asali wala shayiri iliyochacha. Ni kemikali ya viwandani, ya bei rahisi, na huongezwa na mfanyabiashara anayetaka kileo kingi kwa pesa kidogo. Mtaimbo hauwezi kutofautisha pipa la methanoli na pipa la busaa. Unatoboa yote mawili.

Oktoba 1978

Nikiwa natafuta vipimo vya bia ya nyumbani kwenye intaneti niligundua jambo moja lililonikera kidogo. Karibu kila kipimo cha Wamarekani ni cha galoni 5. Ni lita 19. Ni debe letu.

Nikafuatilia. Uingereza, iliyotuachia sheria za vibali vya pombe, ilikuwa nayo inamtaka mwananchi wake awe na leseni ya kupika bia nyumbani tangu mwaka 1880. Iliiondoa leseni hiyo mwaka 1963. Ndio, mwaka ule ule iliposhusha bendera yake hapa. Marekani ilichelewa: kupika bia nyumbani kulibaki kosa hata baada ya marufuku ya pombe kuisha mwaka 1933. Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria ya kukuruhusu mnamo Oktoba 1978. Mtu mzima aliruhusiwa galoni 100 kwa mwaka, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, za kunywa bila kuuza.

Oktoba 1978 ndio mwezi Moi alioapishwa rasmi kuwa Rais. Wakati Marekani inamwachia mpishi wa nyumbani sufuria yake, sisi tulikuwa karibu kufunga vilabu.

Matokeo yake si ya sherehe tu, ni ya kichumi. Kwao, chombo kiliposimama kuwa ushahidi wa kosa, kikawa bidhaa. Watu wakaanza kuuza sufuria za chuma kisichoshika kutu zenye bomba chini, vipimajoto, hamira kwenye pakiti. Wapishi wa jikoni walikua wakafungua viwanda vidogo, na vingine vikawa vikubwa. Huku kwetu ujuzi wa shosho, ambaye angeweza kukuambia kwa kunusa kama pombe itaharibika kesho, uliishia kwenye matope ya mto.

Keg

Kuna chombo kingine ambacho lazima nikitaje, kwa sababu ukipita Ruiru, Githurai hadi Thika utakiona kikishushwa kwenye malori kila siku. Mwaka 2004, East African Breweries ilileta Senator Keg, bia ya pipa la chuma, isiyo na chupa wala lebo, iliyolengwa kwa mnywaji wa chang'aa. Serikali iliipunguzia ushuru kwa hoja kwamba bia nafuu na salama ndiyo itakayoua pombe haramu. Ilifanya kazi, jagi likashindana na kikombe cha chang'aa. Mwaka 2013 ushuru ukarudishwa kwa kiasi kikubwa, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Miezi michache baadaye ndio vifo vya Mei 2014. Siwezi kusema kimoja kilisababisha kingine peke yake, ila mwaka 2015 serikali ilishusha ushuru tena.

Katikati kulikuwa na sheria ya mwaka 2010, ambayo watu wanaiita ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeileta. Wengi wanaikumbuka kwa saa za baa. Ni hiyo hiyo iliyofuta marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980 na kufungua njia ya kuitengeneza kwa leseni. Kwenye karatasi, duara lilivunjika. Lakini leseni inataka jengo, vipimo na ada ambazo mwanamke wa mapipa mawili hana. Kisha Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako mkubwa eneo la kati, na wanasiasa wakaongoza umati kuvunja baa na kumwaga pombe, hata ya watu waliokuwa na karatasi zao. Mtaimbo ulirudi, safari hii ukiwa na kamera.

Nimesikia vijana wakisema keg tupu ndio sufuria bora: chuma kizuri, lita 50, ikate juu upate mdomo. Ughaibuni wengi walianza hivyo. Hapa lile pipa ni mali ya kampuni, na anayekuuzia kwa bei ya chakavu anakuuzia mali ya wizi. Historia yetu ya vyombo na polisi inatosha; tusiiongezee.

Sufuria

Basi tununue nini?

Neno sufuria lilitoka kwa Waarabu, na asili yake ni shaba. Waingereza nao hadi leo huiita sufuria ya kuchemshia bia "shaba", hata ikiwa ya chuma. Shaba haipatikani Thika kwa bei ya binadamu wa kawaida, kwa hivyo chaguo ni mbili, aluminiamu au chuma kisichoshika kutu.

Ukubwa kwanza. Kupata lita 20 za bia unaanza na karibu lita 25, kwa sababu unachemsha saa nzima na mvuke unaondoka. Thika iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, kwa hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Yanatokota mapema, lakini usidhani umeokoa muda, saa ni saa. Juu ya hapo kuna povu. Maji ya shayiri yakianza kuchemka hupanda kama maziwa, na sufuria ya lita 30 itakumwagikia kwenye meko. Nunua ya lita 40. Ukinunua ya 100 kwa tamaa, hutaiinua na gesi ya nyumbani haitaichemsha.

Chuma kisichoshika kutu ni bora: hakina ladha, unaweza kukisugua utakavyo. Yenye uzito wa kutosha niliambiwa shilingi 14,000, bila bomba. Ile nyepesi ya bei ya kati iepuke; chini ni karatasi, na sukari ya shayiri itaungua hapo.

Aluminiamu ya jua kali ya lita 40 nilitajiwa 4,500. Inafaa, kwa masharti. Ya kwanza, uliza imetengenezwaje. Kuna ya karatasi ya aluminiamu iliyozungushwa na kugongwa, na kuna ya kuyeyusha chuma chakavu na kumimina kwenye kalibu. Watafiti waliopima sufuria za kuyeyusha nchini Kamerun walikuta zinatoa risasi kwenye chakula, kwa sababu hakuna anayejua kilichoingia kwenye tanuru: injini, redieta, waya. Chukua ya karatasi. Ya pili, ukifika nyumbani chemsha maji matupu nusu saa. Ndani itageuka rangi kuwa nyeusi-kijivu. Huo ni utando unaoilinda, usiusugue kwa waya. Ya tatu, chemshia humo lakini usichachushie humo. Kuchacha kunachukua wiki na asidi inapanda, na aluminiamu haipendi asidi ya muda mrefu. Bia ikipoa, hamishia kwenye ndoo au mtungi wa plastiki uliobeba mafuta ya kupikia au chakula, kamwe si uliobeba dawa.

Kuna njia ya tatu, ya kuazima. Chama cha mama yangu kule Makongeni kina sufuria tatu kubwa, mali ya wanachama, zinazokodishwa shilingi 200 kwa siku kwa harusi na matanga. Nilidhani hapo nimemaliza kazi.

"Hizo zimepikia wachungaji," mama akasema.

"Tutaziosha, mama."

"Si uchafu. Nitawaambia nini akina mama? Kwamba sufuria ya matanga ya mzee wa kanisa imepika pombe?"

Sikubishana. Mama yangu alilipiwa karo na mapipa, na anajua. Labda ndio sababu. Kambui haijafa, inakaa kwenye kikao cha chama kila Jumapili ya pili ya mwezi.

Kwa hivyo nilirudi kwa fundi wa jua kali Thika. Aliponiona nikipima mdomo wa sufuria kwa mkono aliuliza, "Hii ni ya harusi ama ya matanga?" Sufuria kubwa hazina kazi nyingine. Nikamwambia ni ya bia. Akaangalia huku na huku kama mtu aliyeulizwa bangi.

"Hiyo usiitaje kwa sauti, mkubwa. Chukua hii, chini ni nzito. Na kama ni ya kazi hiyo, si afadhali nikupatie ya zamani? Hata wakiichukua si hasara."

Ushauri wa shosho, miaka 40 baadaye, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukutana naye. Nikasema hapana, nataka mpya. Nikalipa 4,200 na kuomba risiti. Alitafuta kitabu hadi kikapatikana chini ya mabati, akapuliza vumbi, akaandika tarehe, kisha akasimamisha kalamu.

"Niandike ya nini?"

"Andika ya kupikia bia."

Akafikiri. Akaandika: sufuria kubwa, moja.

Leseni bado hatujapata. Sufuria iko chini ya kitanda changu Ruiru, imeshachemshwa maji matupu nusu saa, ndani imekuwa kijivu kama inavyotakiwa. Risiti nimeiweka kwenye bahasha pamoja na barua za kaunti.